Betri Niliyoigeuza Mimi

Malaba, Jumamosi, saa nane na nusu mchana

Nafula,

Mama yako amemaliza kukuambia ya safari. Pesa uzigawe mahali pawili, simu usiishike karibu na dirisha, shangazi yako umpigie ukifika Nakuru na umpigie tena ukishuka Nairobi. Sina la kuongeza hapo. Mimi nina masahihisho.

Kazi yangu unaijua. Miaka ishirini na miwili nilituma habari za mpaka huu, na saa nilizobaki nazo nikatengeneza redio za magari hapa karakana. Kwenye habari tulikuwa na desturi ambayo bado naiheshimu. Ukitangaza kosa, kesho yake saa ileile unarudi hewani. Unasema kilichotangazwa, unasema ukweli, unamtaja aliyekosea. Sentensi tatu. Huelezi kwamba ulikuwa na homa.

Masahihisho yangu yamechelewa mwaka mmoja na miezi miwili. Ilisemwa Angurai, mbele ya watu, kwamba Nafula alichoma redio ya lori la Mzee Ekirapa. Nafula hakuichoma. Niliichoma mimi, baba yake.

Kazi ya sentensi tatu imeishia hapo. Haya mengine nayaandika kwa sababu wewe ni mwanangu, na pia kwa sababu huko jikoni kuna wanawake tisa wanaokupikia na kila mmoja akiniona ana kitu cha kunituma. Nimejifungia karakana. Wanadhani natafuta sufuria kubwa.

Ningeweza kuendelea kunyamaza kama si Jumanne. Nilikuwa nje ya dirisha la jikoni nikiosha mikono kwa sabuni ya unga, nikakusikia.

"Nikifika nitawaambia mimi ni wa viti na rangi," ulimwambia mama yako. "Redio wapee watu wengine."

"Lakini si wamekuita juu ya redio?"

"Mum, hao walisikia ile ya Mkunga. Ile ya Angurai hawajaisikia."

Nilisimama pale mpaka maji yakanikaukia mikononi. Unaenda kwenye karakana ya magari ya kale ambayo mafundi wazima wangeomba kuingia, na unapanga kuwaomba wakupe brashi. Kosa si lako, hofu ndiyo yako. Mgawanyo huo si wa haki, na ni mimi niliyeufanya.

Nianze na ile ya Mkunga, kwa sababu hata hapo nilikosea.

Yule mkunga mstaafu wa Busia alikuja na kigari chake cha taa za mviringo, redio imekufa zamani. Nikamhubiria. Nikamwambia nitaifufua ileile ya kiwandani, ipige masafa ya kati kama ilivyoumbwa, au niache tundu wazi, lakini kitu kipya hakiingii kwenye dashibodi ile nikiwa hai. Alinisikiliza kwa adabu ya mtu aliyezoea kusikia watu wakipiga kelele, kisha akasema, "Fundi, mimi nataka kusikia kwaya yangu yenye iko kwa simu. Hiyo historia utaisikiliza wewe."

Wiki moja baadaye nilikukuta umefungua ile redio, umetoa utumbo wake wote bila kukata waya hata mmoja, umeufunga kwa kitambaa na kuuweka kwenye mkebe wa biskuti wenye jina la mwenyewe, endapo yeye au mjukuu wake atautaka siku moja. Ndani ya ganda lilelile ukaweka mtambo mpya mdogo kuliko sanduku la sigara. Vifundo vya zamani vinazunguka. Kile kitaa cha manjano kinawaka. Kwaya ilipotoka kwenye tundu lilelile la spika, Mkunga alifunga mlango na kuendesha hadi karibu na lango la Uganda na kurudi, madirisha yote wazi, mkono mmoja nje ukiongoza sauti ya pili.

Niliudhika siku mbili. Sasa nakuambia sababu, maana hukuwahi kuijua. Nilipokuwa kijana wa kazi hii nilikata dashibodi ya gari la padri mmoja kwa msumeno ili redio mpya ya taa za kijani iingie, na ile ya asili nikaitupa. Ilikuwa ya chuma na pembe za ndovu bandia, na haikuwa na kasoro isipokuwa fyuzi. Fyuzi tu. Niliigundua nilipoikuta kwa mwokota vyuma, ameshaivunja. Tangu siku hiyo nikawa mkali kwa kila mteja, kama mlevi aliyeokoka. Nilifikiri nalinda vitu vya zamani. Kumbe nilikuwa nikilipia dashibodi ya padri, na wateja nikawalipisha pamoja nami. Mkunga hakuwa na deni hilo. Wewe uliliona bila kuambiwa.

Sasa lori.

Yale malori ya Kiingereza ya pua ndefu yalitoka kiwandani upande wa chanya wa betri ukiwa umefungwa kwenye bodi. Magari ya leo yote ni kinyume, hasi ndiyo iliyo kwenye bodi. Unayajua haya. Nayaandika ili ushahidi ukamilike.

Miaka tisa iliyopita Mzee Ekirapa aliniletea lori lake akitaka mahali pa kuchajia simu. Redio ilikuwa imeshakufa, imetolewa, imefungwa kwenye gunia nyumbani kwake. Chaja za simu zinataka hasi kwenye bodi. Kwa hiyo niligeuza betri, nikageuza na waya za dainamo, nikamaliza kwa asubuhi moja. Lori likanguruma kama kawaida. Ndiyo hatari ya kazi ile: taa hazijali betri imekaa vipi, mota ya kuwashia haijali, honi haijali. Redio ndiyo inayojali, na redio haikuwepo.

Karakana yetu ina desturi yake ya kazi hiyo. Ukigeuza betri, unapaka tone la rangi ya kucha ya mama yako, nyekundu, kwenye bodi kando ya sanduku la betri, ili fundi ajaye ajue. Wewe ulipokuwa darasa la nne ulikuwa ukigombana nami kwamba naimaliza chupa. Siku ile chupa ilikuwa imekauka. Nikasema nitapaka kesho. Kesho yake trela mbili ziligongana kwenye foleni ya mpaka, nikakimbilia habari. Sikurudi kupaka. Baadaye nikasahau hata kwamba nilisahau.

Kisha ikaja sherehe ya miaka hamsini ya ndoa yao. Mzee aliitoa ile redio kwenye gunia, akaileta kwako, si kwangu, kwa sababu alikuwa amesikia habari za Mkunga. Alitaka ifufuliwe ileile, maana aliinunua pamoja na lori na ndiyo iliyokuwa ikicheza alipokwenda kumchukua mkewe Asekenye kwao. Ulifanya kazi majuma matano. Mezani kwetu ilicheza siku tatu mfululizo bila kukwaruza.

Wewe ulikuwa ndani ya lori siku ile, umepiga magoti, hukuona nilichokiona. Nakuandikia kilivyotokea.

Nyuma ya redio ile kuna kibati unachokigeuza: upande mmoja ni wa gari lenye chanya kwenye bodi, upande wa pili ni wa hasi. Ulikishika kwa vidole viwili. Ukaniuliza, "Baba, hii lori bado ni chanya kwa bodi?" Mita ulikuwa nayo mkononi, tayari kupima. Mimi nilikuwa mshereheshaji, nimevaa koti, nimeshika maikrofoni, na wageni walikuwa wanangoja. Nikakujibu, "Iko vile ilikuwa. Weka mita chini, hii lori naijua mimi."

Ukaniamini. Ukaweka mita chini, ukakiacha kibati upande wa chanya, ukawasha.

Moshi ulipotoka, kijana mmoja nyuma ya hema akauliza, "Fundi, hiyo ni redio ama ni jiko?" Watu wakacheka. Omuse, yule mjukuu wao, akakubatiza papo hapo: Sista Moshi. Ukashuka, ukamwendea Mzee, ukamwambia, "Pole mzee, nimekosea." Wakati huo mimi nilikuwa nimeshaiona betri. Nilihitaji kuitazama mara moja tu. Nikasogea hatua mbili na kusimama mbele ya sanduku lake ili mwingine asiitazame.

Maikrofoni ilikuwa mkononi, Nafula, na ilikuwa inawaka. Nikaiinua nikasema, "Makosa ni ya wafanyao kazi. Sasa tuelekee kwenye keki."

Nimewahi kuripoti mafuriko ya Budalang'i nikiwa juu ya paa, maji yakipita chini yangu na kuku wa watu, na sauti haikunitetemeka. Nimemuuliza ofisa mwenye bunduki kwa nini lango limefungwa. Watu husema mimi siogopi. Siku ile niliogopa keki. Niliogopa watu mia moja na hamsini wanaokula wali wasije wakajua kwamba mtu wa masahihisho ameharibu kitu. Tulirudi nyumbani ukitazama nje, nami nikasema habari za mvua.

Halafu nikazoea. Hilo ndilo ninalotaka uondoke nalo, kama kuna la kuondoka nalo. Siku ya kwanza nilikuwa na dakika moja ya kusema, na ingekuwa aibu ya dakika moja. Kufikia mwezi ilikuwa nzito zaidi, maana ningeulizwa juu ya kosa na juu ya kimya pia. Kufikia Krismasi nilikuwa nimeanza kujiambia kwamba pengine kweli ulikosea kidogo. Hakuna mtu aliyenidanganya kwa ufundi kuliko mimi mwenyewe, na nimehoji wanasiasa.

Usiku wa Jumanne ileile niliishusha ile redio kutoka rafu ya juu ulikoificha nyuma ya makopo. Niliikagua kwa lenzi, kila kiungo ulicholehemu. Ni arobaini na kimoja. Hakuna kilicholegea, hakuna kilichochafuka. Kilichoungua ni transista mbili za mwisho, zile ambazo lazima ziungue betri ikiwa kinyume, hata kama redio ingefungwa na mwalimu wa walimu wako.

Transista za aina ile hazitengenezwi tena. Jumatano nilikwenda Rukala, kwa fundi mmoja aliyeacha kazi na sasa anauza samaki wakavu. Redio zake mbovu huzipandisha darini kila mto Nzoia ukifura, na huzishusha maji yakipungua. Nikamuuliza kwa nini anahangaika na vitu vilivyokufa. "Boss," akasema, "nikiwacha maji ichukue, mtu kama wewe angekuja kutafuta nini?" Alinipa nne, mbili za akiba. Nilizijaribu, ni nzima. Ziko kwenye kiberiti juu ya meza yako.

Alhamisi nikaenda Angurai. Ilikuwa siku ya soko, na boma lao, unavyojua, linapakana na soko. Mzee alikuwa amekaa kwenye kidato cha kupandia lori akimenya muwa kwa kisu. Nikamweleza kila kitu, kuanzia chaja ya simu.

Alitafuna mpaka nikamaliza. "Kwa hivyo mtoto alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia iko vile ilikuwa."

"Na haikuwa."

"Haikuwa, mzee."

Akageukia nyumba. "Asekenye, kuja. Mtu wa redio amekuja kujitangaza."

Mama Asekenye akatoka na ungo mkononi, akasikiliza habari yote upya, amesimama. Kisha akasema, "Mimi nilikuona umeenda kusimama pale kwa betri. Nikafikiri umechoka unaegemea lori." Akapepeta kidogo. "Na maikrofoni ulikuwa nayo."

Mzee alikuwa ameanza kutabasamu, na tabasamu lile lilinitisha kuliko ungo.

"Wewe unakumbuka ile sukari?"

Nilikumbuka. Wewe hujui, ulikuwa hujazaliwa. Lori lake lilikwama kwenye tope la njia ya panya likiwa na magunia ya sukari yasiyo na karatasi, nami nikaitangaza.

"Ulinitaja asubuhi," Mzee akasema. "Ukanitaja saa saba. Ukanitaja jioni. Jina yangu, jina ya baba yangu na namba ya lori. Mama mkwe alisikia zote tatu, hakutaka kupitwa."

"Ilikuwa kweli, mzee."

"Mimi nimesema ilikuwa uongo? Panda hapa."

Akanipisha kwenye kidato. Nikapanda. Watu wa soko wakaanza kusogea kwenye ua, maana mtu mwenye koti akipanda lori ni siasa au ni mnada. Nikajitaja. Jina langu, la baba yangu, na kosa: niligeuza betri, sikuweka alama, nilimzuia binti yangu kupima, nikamwacha abebe lawama. "Hiyo ni ya asubuhi," Mzee akasema. Nikarudia. "Hiyo ni ya saa saba. Paza sauti, kuna watu wa nyanya hawajasikia." Nikapaza sauti. Ya tatu ilipofika watu walikuwa wanaisema pamoja nami kama kiitikio, na mama mmoja muuza nyanya aliniongezea sentensi yake mwenyewe kuhusu wanaume na mita. Mama Asekenye alicheka mpaka akaweka ungo chini.

Nilidhani nitaona aibu. Nilishuka pale nikiwa mwepesi kama mtu aliyetoka kunyolewa.

Omuse alirekodi yote kwa simu. Kabla sijafika Malaba ilikuwa imeshanitangulia, na jina limehama. Jana yule wa bodaboda aliposema "Mzee Moshi, sasa?" ulicheka bila kujua kwa nini. Sasa umejua. Unaweza kuendelea kucheka. Nimehesabu watu kumi na wanne walioniita hivyo tangu Alhamisi, mmoja akiwa ofisa wa forodha, na kila mmoja amekupunguzia wewe mzigo.

Kuna jambo moja bado. Nilimwambia Mzee nitaweka transista mpya na kuifunga redio kesho yake. Akakataa. "Wewe usiguse," akasema. "Fundi yangu anasafiri lini?" Nikasema Jumapili asubuhi. Akasema basi atakuja Jumamosi saa kumi, yeye na lori na mkewe. Nikakubali bila kukuuliza. Hilo nalo ni kosa, lakini hili nimelitaja likiwa bado bichi.

Kwa hiyo una hiari, na ni ya kweli. Ukisema hapana, Mzee atakunywa chai, atakula chapati za kukuaga, ataondoka, na hakuna atakayekulaumu kwa sababu lawama zote zina mwenyewe. Redio itabaki rafuni mpaka utakaporudi, au isitoke kabisa. Nairobi utaomba upande wowote unaoupenda. Viti na rangi ni kazi ya heshima, ukivichagua kwa kuvipenda. Ninachokataa ni uvichague kwa sababu ya moshi wangu.

Ukisema ndiyo, kazi ni ya saa moja. Transista mbili, kibati kimoja, waya tatu.

Saa kumi kasorobo. Lori limefika mapema, limevunja tawi la mpera wa jirani likiingia. Mama yako anauliza kwa sauti ni nani aliyealika lori. Asekenye amekaa mbele, amevaa gomesi ya sherehe, ana kuku mapajani. Kupitia dirisha la karakana namwona Mzee. Ameshuka, anasalimu jikoni, anauliza fundi yuko wapi, na wanawake wote tisa wananyoosha vidole kwenye mlango wangu.

"Si huyo," anasema.

Nampa mama yako karatasi hizi akuletee chumbani sasa hivi. Toka nje, Nafula.

Baba yako